Uzito wa Boneti

Kwa muda mrefu mume wangu alikuwa kijiti cha boneti. Simtanii, kumtania kuna wakati wake, na nitafika. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Pikapu yetu ilipotoka kiwandani ilikuwa na kile chuma chembamba cha kuegemezea boneti, lakini chuma hicho kilivunjika shingo, na tundu lake likaliwa na kutu, kabla gari halijawa letu. Tukajaribu mpini wa ufagio. Siku moja upepo ukapita, mpini ukateleza, boneti ikajifunga kwa kishindo kilichowaamsha kuku wa jirani. Mume wangu akauokota mpini, akaurudisha kwenye ufagio wake, akasema, "Ufagio ni wa kufagia. Hii kazi nipe mimi."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga. Hawakusema kwamba mhunzi mwenyewe ndiye atakayegeuzwa koleo.

Yeye ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la vitambaa. Mimi nasambaza mikate ya kiwanda kimoja kwenye maduka ya mtaani. Anaingia getini alfajiri mimi ninapotoka. Jioni nikirudi kutoka mzunguko wa pili, ameshaondoka. Nakuta sahani yake imeoshwa na kuinamishwa juu ya karai, kitanda kimetandikwa vizuri kuliko ninavyokitandika mimi, na taulo bado lina unyevu. Wanawake wengine wana waume. Mimi nilikuwa na ushahidi kwamba mume yupo.

Isipokuwa chini ya boneti. Pale ndipo tulipokuwa tukionana. Pikapu yetu ni ya zamani na ina masharti kama bibi harusi: rejeta inavuja, kwa hiyo lazima inyweshwe maji kila alfajiri, betri ukiilaza na waya zake, asubuhi utaikuta maiti, kwa hiyo jioni nazilegeza na alfajiri nazikaza, halafu oili, halafu mkanda uliozeeka ambao hauruhusu kukazwa sana wala kulegezwa sana. Yote hayo nayafanya nimeinama, na mume wangu yuko juu yangu, mikono miwili imeinua boneti, bado amevaa koti la kazini, tochi ameibana kwapani.

"Habari za usiku?"

"Paka wa ghalani amezaa. Ndani ya robota la pazia."

"Wangapi?"

"Sijahesabu. Mama mtu ananikodolea macho kama mimi ndiye baba. Kaza hiyo, inacheza."

"Naiona. Yule wa duka la kona jana ameibonyeza mikate yote, mmoja baada ya mwingine. Nikamwambia, kaka, hizi si embe."

"Akasemaje?"

"Akanunua ule alioubonyeza sana. Akasema ameuonea huruma."

Ndiyo maongezi yetu hayo. Si mengi, lakini yalikuwa yote. Binti yetu akipiga simu kutoka kwa mumewe, habari zake zilingoja mpaka boneti iinuke. Hata ugomvi tuliugombania pale, kwa sauti ya chini, kwa sababu ya majirani, na kwa haraka, kwa sababu ya mikate. Jaribu kumnunia mtu aliyeshika bati juu ya kichwa chako. Haiwezekani. Nilikuwa nikiiita ile pikapu mke mwenza, maana kila alfajiri ilikumbatiwa kabla yangu, na mume wangu akijibu, "Na hata ikikumbatiwa haiwaki."

Sasa sikiliza kilichotokea.

Asubuhi moja nilikuwa nakaza waya ya betri huku nikimsimulia jambo, sikumbuki hata lilikuwa jambo gani. Nikauliza swali. Halikujibiwa. Nikadhani anafikiri, maana mume wangu hujibu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kumbe usingizi, nduguye mauti, ulikuwa umemfuata mpaka pale aliposimama. Mikono ikalegea, boneti ikashuka. Kichwa nilikiwahi. Vidole sikuviwahi.

Nikapiga yowe, naye akaamka kwa lile yowe, akaiinua boneti kwa nguvu zote kana kwamba anamnyang'anya mtu.

"Sikulala," akasema, kabla sijamuuliza.

"Hukulala?"

"Nilifumba macho tu. Vumbi."

Alfajiri ile kulikuwa na umande mpaka kwenye kioo cha gari. Vumbi lingetoka wapi? Lakini nilimtazama usoni, mzaha ukanikauka mdomoni. Akavishika vidole vyangu, kimoja kimoja, akivipuliza kama tulivyokuwa tukimpulizia binti yetu alipojigonga. Kucha mbili zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Nikaendesha hivyo hivyo, usukani nikiushika kwa viganja. Bora punda afe, mzigo ufike. Ila nilipofika kiwandani, msimamizi akaitazama mikono yangu, akasema mzunguko wa pili atampa kijana wa pikipiki, mpaka nipone. Alisema kwa upole kabisa. Upole wa namna hiyo ndio unaotisha.

Mchana nikampigia simu mdogo wangu. Yeye ni fundi wa magari, na watu humwita Sawasawa, kwa kuwa ukimwambia gari limeungua atakuambia sawasawa, ukimwambia limepona atakuambia sawasawa. Akaja, akaviona vidole, akaiona boneti, akamkuta shemeji yake ndiyo kwanza anaamka, shuka limemchora mistari shavuni.

"Shemeji, umeanza kumpiga dada yangu kwa kutumia gari?"

"Mkono wangu ungemtosha," mume wangu akajibu, "lakini dada yako ni mkubwa, anahitaji mashine."

Wakacheka. Mimi pia nikacheka. Lakini nilimwona mume wangu anaiangalia ile boneti kama mlinzi anavyoiangalia kufuli iliyovunjwa usiku wa zamu yake.

Sawasawa akasema dawa ipo. Vile vyuma vya gesi vinavyoushikilia mlango wa nyuma wa gari dogo usikuangukie kichwani. Unaufungua kidogo tu, wenyewe unapanda na kukaa huko. Mikono ya gesi. Unafunga mmoja kulia, mmoja kushoto, boneti inasimama bila mtu. Ile mipya ya kampuni kwa gari kuukuu kama letu haipo, lakini kwenye spea za mtumba hukosi jozi ya gari jingine.

"Kuna jambo moja tu," akasema. "Lazima nijue uzito wa boneti. Mikono ikiwa dhaifu haitaishika. Ikiwa na nguvu sana ni balaa jingine. Ina uzito gani hii?"

Tukamgeukia mume wangu. Nani mwingine wa kuulizwa? Mimi nilikuwa nimeiinua mara moja moja, mchana, kwa haraka, nikaiegemezea kichwa. Yeye ndiye aliyeibeba alfajiri zote hizo. Sawasawa angeweza kuishika akaipima mwenyewe, lakini mikono yake ilikuwa na grisi, na aliyeolewa ndiye aijuaye ndoa.

Mume wangu akafikiri, akitafuta ufunguo wake mfukoni.

"Mfuko wa saruji," akasema. "Labda kasoro kidogo."

"Sawasawa," akasema Sawasawa.

Kesho yake alileta jozi iliyotolewa kwenye mlango wa nyuma wa gari moja kubwa la familia, minene kama mihogo. Akanionyesha jinsi inavyofungwa, maana dada mtu hupenda kujua. Alikata vipande viwili vya chuma, akavitoboa, akavifunga kwa bolti kwenye fremu ya ndani ya boneti, mbali na bati la juu lisije likatoboka. Vingine viwili akavifunga kwenye mbavu za gari juu ya matairi. Kila kipande kina kichwa cha duara kama gololi, na mkono unabanwa juu yake, unasikia *ta!* Ule ufito mwembamba wa kila mkono, unaoingia na kutoka, aliuelekeza chini, akasema ndani mna mafuta kidogo, na yakikaa chini yanaulinda mpira usikauke. Mume wangu alikuwa ameishika boneti muda wote huo. Nani mwingine?

"Haya shemeji, achia."

Hakuachia.

"Achia, mzee. Imeshika."

Akaachia kidole kimoja, halafu kingine, akarudi nyuma akiwa bado ameinua mikono, kama mtu aliyeamriwa na polisi. Boneti ilibaki juu. Haikutikisika. Tukapiga makofi. Mume wangu akaitazama mikono yake, akaitia mfukoni, akaitoa, akaikunja kifuani. Haikumkalia vizuri popote.

"Basi nimestaafishwa," akasema. "Bila hata sherehe."

Kuifunga ndiko kulikotupa kazi. Ilishuka mpaka kimo cha shubiri moja, ikagoma. Mume wangu akaisukuma, bati likabonyea katikati kama kopo. Ikabidi yeye akae kona moja na Sawasawa kona nyingine, wahesabu pamoja, walale juu yake kwa vifua, ndipo loki ikashika.

"Ni mipya mahali hapa," akasema Sawasawa. "Itazoea."

Haikuzoea. Asubuhi iliyofuata mume wangu, badala ya kuishika isishuke, aliilalia isipande, akiwa na tochi yake kwapani, akinung'unika kwamba mke mwenza sasa amejifunza kiburi. Nikaenda zangu na mikate. Kwenye tuta la pili, loki ikachoka. *Pwaa!* Boneti ikaruka, na kama si ile ndoano ya akiba kuidaka, ningekuwa naendesha nikitazama bati. Nilisimama pembeni, mikate imeangukiana nyuma. Muuza vocha na mshona viatu wakaja kunisaidia kuilalia. Mmoja akaniuliza, "Mama, gari lako lina nini?" Nikamwambia limepata uhuru. Tukaifunga kwa kamba iliyopitia chini ya bampa, ikawa kama mtu mwenye jino bovu aliyefungwa kitambaa mashavuni, na hivyo ndivyo nilivyorudi kiwandani. Msimamizi alimtazama tu kijana wa pikipiki.

Basi Sawasawa akaitwa tena. Akaja na sura ya fundi anayetaka kumlaumu aliyetengeneza gari. Akalaumu loki, akalaumu bawaba, akalaumu tuta. Mwishowe akafungua bolti za bawaba, akaitoa boneti nzima nzima, akaiweka ukutani. Akaondoka nayo begani kwenda kwa jirani yetu muuza vitunguu. Narudia: begani. Alikuwa akipiga mluzi.

Mume wangu alikuwa ametoka ndani, amekaa kizingitini anafunga kamba za viatu. Nikamwona anamfuata kwa macho shemeji yake anayepiga mluzi.

Wakaining'iniza kwenye mizani ya vitunguu. Muuza vitunguu akasoma, akasoma tena. Akaja Sawasawa akasoma. Nami nikaenda nikasoma, maana kwetu kila mtu ni shahidi.

Ilikuwa nyepesi kuliko ndoo ya maji. Ndoo hii ya kawaida, ninayoibeba kutoka bombani kwa mkono mmoja huku nikiongea na simu.

Muuza vitunguu, ambaye hakujua kisa, akasema, "Bati zuri, linafaa mlango wa banda," akatazama nyuso zetu, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Mume wangu alikuwa amekuja mpaka pale, kamba ya kiatu kimoja haijafungwa. Akaitazama mizani.

"Mizani ya vitunguu hiyo," akasema. "Imezoea kudanganya."

Siku nyingine ningecheka. Sawasawa alifungua mdomo aseme sawasawa, nikamkanyaga mguu.

Tulirudi tukaketi kizingitini, mimi naye, pikapu mbele yetu iko wazi, matumbo nje. Nilikuwa na maneno mengi ya kumtania: mwanamume mzima kushindwa na kitu chepesi kuliko ndoo. Maisha yamenipiga vibao vya kutosha, na nilijifunza zamani kwamba ukikiwahi kibao kwa kicheko hakiumi sana. Nikayatafuta yale maneno. Sikuyapata.

"Mfuko wa saruji," nikasema taratibu.

"Alfajiri," akajibu. "Alfajiri huwa ni mfuko wa saruji."

Akainama akamalizia kufunga kamba ya kiatu. Nikamtazama kisogo. Mvi zilikuwa zimeingia mpaka shingoni, na mimi sikuwa na habari, kwa sababu kila nilipomwona alikuwa juu yangu na tochi ikinimulika machoni.

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema ungenituma nikalale."

"Ningekutuma, ndiyo."

"Basi."

Akaondoka kwenda kazini. Hakugeuka getini, huwa hageuki, hana tabia hiyo.

Sawasawa alirudi na jozi nyingine, myembamba kama penseli, kutoka kigari kidogo cha milango miwili. Safari hii aliifunga kwa uangalifu wa mtu aliyeaibika. Nikaifungua boneti kwa kidole: *fss*, ikapanda yenyewe na kukaa. Nikaisukuma kwa kiganja, ikashuka, ikafungika. Kulia sawa, kushoto sawa. Loki mpya, ndoano imenyooshwa. Hata bati alilikunjua likarudi mahali pake, ukiacha kovu dogo katikati. Nikamwambia mdogo wangu ahsante. Nilipaswa kufurahi.

Alfajiri iliyofuata, mume wangu alipoingia getini, nilikuwa nimeshaifungua. Nikatia maji. Nikakaza waya. Kazi ikaenda haraka ajabu, mikono yote miwili huru, hakuna wa kuniambia inacheza.

"Habari za usiku?" nikauliza.

"Salama." Akasimama kidogo. Akaitazama ile mikono myembamba ya gesi, mmoja kulia, mmoja kushoto. "Inashika?"

"Inashika."

"Vizuri." Akaingia ndani. Nikasikia kitanda kikilia.

Nilikaa kwenye usukani, bado kuna muda kabla kiwanda hakijafungua mlango wa mikate. Muda huo sijui ulikuwa umekaa wapi miaka yote; kumbe tulikuwa tukiula kwa kufanya kazi ya mtu mmoja tukiwa wawili. Sikuwa na wa kumpa. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Salama, vizuri, kitanda. Binti yetu alikuwa amepiga simu, ana habari, na habari hizo nilizunguka nazo mtaa mzima kama mkate usionunuliwa. Paka wale sikujua hata kama wamefumbua macho.

Ndiyo, niliyataka hayo, alale. Niliyataka kweli. Lakini nilipokuwa nikirudi jioni, mzunguko wa pili nimesharudishiwa, na kukuta sahani imeinamishwa juu ya karai, nilianza kuigeuza kuona kama bado ina joto.

Asubuhi nyingine kilianza kimvua chembamba. Nilikuwa nimeinama kwenye rejeta nikasikia mlango. Alitoka na koti lake mgongoni, ananuka usingizi ambao haujalalwa, vikombe viwili vya chai mkononi.

"Kitanda kimenikataa," akasema.

"Umekikosea nini?"

"Kinasema kimezoea nije nimechoka zaidi."

Akasimama pale pale alipokuwa akisimama siku zote. Nikauona mkono wake mmoja unaanza kupanda wenyewe, kikombe na vyote, mpaka ukagusa bati. Boneti haikumhitaji. Aliuacha mkono pale kidogo, akaushusha.

"Inanyesha huku," nikasema. "Ingia chini ya paa."

Tukakaa kwenye bampa, boneti juu yetu kama mwavuli, mvua inagonga bati. Chai ilikuwa na sukari nyingi. Husahau kwamba ameshatia, akatia tena. Nilimtazama anavyokishika kikombe kwa mikono miwili. Ni mikono mikubwa. Nilikuwa nimesahau inavyoonekana ikiwa haijashika kitu changu.

"Binti yako ni mjamzito," nikasema.

Akageuka. Akanitazama muda mrefu, hakuna tochi, hakuna kukaza waya.

"Lini amesema?"

"Juzi."

"Na wewe umekaa nayo tangu juzi?"

"Ulisema salama, ukaingia ndani."

Akacheka, kicheko kile cha puani. Halafu akaanza kunisimulia habari za paka: wanne, mmoja hana rangi ya kueleweka, anataka kumfuata kila mahali mpaka kwenye kibanda cha lindo, na msimamizi wa ghala amesema... Sijui msimamizi alisema nini. Sentensi ilikatikia hapo. Kichwa kikashuka polepole, kama kitu kinachojua kinakoshukia, kikatua begani kwangu.

Kilikuwa kizito. Nakwambia ukweli: mfuko wa saruji, labda kasoro kidogo.

Nikakitoa kikombe mkononi mwake kabla hakijamwagika, nikakiweka juu ya betri. Nikanyoosha mgongo. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni: kiwanda, bila shaka, mikate inangoja, na kijana wa pikipiki anapasha injini. Niliiacha itetemeke. Vidole vyangu vilikuwa vimepona. Mikate itafika, imechelewa lakini imefika, na yule wa duka la kona ataibonyeza vile vile. Juu yetu boneti ilisimama yenyewe.

Mvua ilipokatika aliamka kwa mshtuko, akainua mikono yote miwili juu, akaikuta boneti iko mahali pake.

"Sikulala," akasema.

"Najua, baba," nikasema nikijisugua bega. "Ulifumba macho tu. Vumbi."